VideoPass ya MotoGP: nililipia ili niirudie Sepang 2015

Wadau wa pikipiki, nina wiki tatu na VideoPass, huduma ya kulipia ya kuangalia MotoGP (mbio kubwa za pikipiki duniani) mtandaoni, na sikuilipia kwa ajili ya mbio za sasa hivi, niliilipia kwa sababu ya maktaba. Humo kuna mbio kuanzia 1992, nzima nzima, na mimi na kaka yangu tuna ubishi wa tangu Oktoba 2015, madereva Rossi na Marquez pale Sepang, Malaysia, kama Rossi alimwangusha mwenzie makusudi. Yeye wa Marquez, mimi wa Rossi. Miaka yote tunabishana kwa kale kakipande kafupi ka video kanakozunguka WhatsApp, na kipande hakikuonyeshi yaliyotangulia.

Sasa nimeangalia yote. Kabla ya kona ya 14, mzunguko wa 7, jamaa wameshapitana mara kibao, huyu anaingia ndani, yule anamrudishia kona inayofuata, na huko mbele Pedrosa na Lorenzo wanajiondokea tu. Hapo ndo unaielewa hasira ya Rossi, maana alikuja Sepang anaongoza ubingwa kwa pointi 11 mbele ya Lorenzo na kila sekunde anayopoteza kwa Marquez ni ya Lorenzo. Kwenye kona nikawa nasimamisha picha. Rossi yuko ndani, hakati kona, anazidi kutanuka kwenda nje, anapunguza mwendo, anamgeukia Marquez anamwangalia kabisa, Marquez anamlalia, mguu wa Rossi unachomoka, Marquez chini. Nimerudia kama mara kumi. Teke sijaliona kwa uhakika, na hata waamuzi hawakumwadhibu kwa teke, walimwadhibu kwa kumtanua mwenzie makusudi. Nalikubali, naandika hapa kaka asome: Rossi alikosea. Zile pointi 3 za adhabu zilikua halali, zikaungana na 1 aliyokua nayo zikawa 4, kwa hiyo Valencia, mbio ya mwisho ya msimu, akaanzia mwisho kabisa, akatoka wa 26 akamaliza wa 4, na ubingwa Lorenzo akauchukua kwa tofauti ya pointi 5. Hiyo Valencia nimeshindwa kuimaliza, bado inaniuma.

Ila jamani ile ni rafu, sio wizi, na watu wanachanganya sana hivi vitu. Rafu inachezwa mbele ya kamera, kila mtu anaona, mtu anaadhibiwa wiki hiyo hiyo. Wizi ni mambo ya ndani ya injini. Fungua Jerez (Hispania) 2020, mbio ya kwanza ya msimu, Quartararo wa kwanza, Viñales wa pili, Yamaha zote mbili, afu Novemba ikatangazwa kwamba Yamaha walitumia valvu zisizolingana na zilizoidhinishwa. Kiwanda kikakatwa pointi 50, timu moja 20, nyingine 37. Madereva hawakuguswa hata pointi moja! Mimi ni mtu wa Yamaha kwa sababu ya Rossi na bado nasema haikua sawa, waliomaliza nyuma yao siku ile nani aliwarudishia haki yao?

Na kuna yale ya katikati, kama Qatar 2004, timu ya Rossi ilipita na skuta usiku ikachoma tairi sehemu yake ya kuanzia ili pikipiki ishike vizuri, akarudishwa nyuma, mbioni akaanguka. Mpinzani wake Gibernau akashinda, na baada ya hapo hakushinda tena mpaka anastaafu. Nimeiangalia nikijua hilo, aisee inahuzunisha.

Kuhusu huduma yenyewe, picha ni safi, mbio za sasa unaweza kuchagua kamera ya kwenye pikipiki ya dereva unayemtaka, na hiyo imenisaidia kuona nani anaanza kumsogelea mwenzie. Malipo ni kwa kadi. Jipange na bando, maana mbio moja sio mchezo, na mtandao wangu wa simu ulikatika mizunguko miwili ya mwisho Jumapili mpaka nikatamani kulia. Kama unataka matokeo tu usilipie, ila kama una ubishi wa miaka na mtu basi lipia, nyota nne na nusu naitoa bila kusita.

Kaka anakuja Jumamosi. Nimemwekea Sepang kuanzia mzunguko wa kwanza, sio wa saba, na tukimaliza ni Jerez 2005, kona ya mwisho, Rossi na Gibernau.