Inspekta Morse wa Oxford: kwa nini ninamsoma mpelelezi anayekosea

Nimezisoma riwaya zote 13 za Colin Dexter kuhusu Inspekta Mkuu Morse, kuanzia Last Bus to Woodstock ya mwaka 1975 hadi The Remorseful Day ya mwaka 1999, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya msomaji anayejiuliza kama kuna faida yoyote ya kuhangaikia vitabu vya polisi wa mji mmoja wa chuo kikuu nchini Uingereza, ambavyo vingi viliandikwa kabla ya simu ya mkononi kuwa kitu cha kila mtu. Faida ipo, ila haimo katika fumbo. Msomaji anayetaka kisa kilichosukwa vizuri, ambacho kila dalili iliyotajwa mwanzoni inapata jibu lake mwishoni, atakuta mahali pengi pa kulalamikia, kwa sababu Dexter hupenda kupindisha mambo hadi yakakaribia kutosadikika. Anayetaka kumfahamu mtu mmoja kwa miaka 24, pamoja na tabia zake zinazoudhi, hana budi kuvitafuta.

Morse ni mwanamume wa makamo asiye na mke, anayeishi peke yake kaskazini mwa Oxford pamoja na muziki wake wa Wagner na mafumbo ya maneno ya magazetini. Anakunywa bia kupita kiasi huku akidai kwamba ndiyo inayomsaidia kufikiri, huapa kwamba ameacha sigara kisha anaomba ya mwenzake, na ana mkono wa birika kiasi kwamba wakiingia baa anayelipa ni msaidizi wake, Sajini Lewis, mwenye mke na watoto wa kutunza. Ni mpelelezi wa mauaji asiyeweza kuikazia macho maiti bila kuhisi kichefuchefu, na mahali pa juu panamtia hofu. Alipokuwa kijana alisoma Oxford hiyohiyo, katika chuo cha St John's, akaondoka bila shahada baada ya mapenzi kumvuruga. Kwa hiyo anapoketi mbele ya wahadhiri kuwahoji, anawahoji kama mtu anayeijua nyumba yao kwa ndani na ambaye hakuruhusiwa kukaa. Hata jina lake la kwanza lilifichwa. Wasomaji walilisubiri hadi riwaya ya mwaka 1996, na Lewis alilisubiri pamoja nao.

Udhaifu huu hautumiki kama pambo. Waandishi wengi wa riwaya za upelelezi humpa mpelelezi kilema kimoja au viwili ili akumbukwe, kisha akili yake inaendelea kufanya kazi bila kuguswa na kilema hicho. Kwa Morse ni kinyume. Karibu katika kila kitabu huvutiwa na mwanamke aliyemo ndani ya kesi yenyewe, shahidi au hata mtuhumiwa, na mvuto huo humtia giza machoni. Kiburi chake cha kupenda majibu yenye umbo zuri humfanya adharau jibu la kawaida lililo mbele yake. Mfano ninaoupenda ni Last Seen Wearing ya mwaka 1976. Msichana wa shule ametoweka kwa zaidi ya miaka miwili, barua inawafikia wazazi wake kuwaambia kwamba hajambo, na Morse, kwa sababu zake mwenyewe, anashikilia kwamba msichana huyo amekufa. Anajenga nadharia kamili, tofali juu ya tofali, inabomoka. Anajenga nyingine, nayo inabomoka. Nilipofika katikati ya kitabu nilikuwa nimeacha kumtafuta muuaji, nikawa namwangalia tu mtu mwenye akili nyingi akishindwa kukubali kwamba amekosea, na sikumbuki riwaya nyingine ya upelelezi iliyonipa raha ya namna hiyo.

Lakini Morse peke yake angechosha upesi, na nadhani Dexter alilijua hilo tangu mwanzo. Lewis wa vitabuni ni mtu wa Wales, aliyemzidi Morse kwa umri, mpenda mayai na chipsi za mkewe, mfuata taratibu. Morse humsahihishia tahajia katika ripoti kama mwalimu mkali, humwita usiku bila kuomba radhi, humtuma kazi za kuchosha kisha akajipatia sifa. Lewis naye huitika kiafande, ananung'unika moyoni, anakwenda, anarudi na jibu. Kinachonivutia ni kwamba hamshangilii bosi wake kama wasaidizi wa wapelelezi wa zamani walivyozoea kufanya. Anamwonea wasiwasi. Anaona jinsi anavyokunywa, anaona jinsi asivyokula, na kadiri vitabu vinavyosonga mbele na kisukari kumwandama Morse, wasiwasi huo unakuwa sehemu ya kisa kuliko hata mauaji. Mara nyingi pia ni neno dogo la Lewis, alilolisema bila kufikiria, linalomgutua Morse na kumweka kwenye njia sahihi. Na Morse, mkarimu wa kila kitu isipokuwa fedha na shukrani, husahau kusema ahsante.

Riwaya ninayoiweka mbele ya zote ni ya tatu, The Silent World of Nicholas Quinn ya mwaka 1977. Quinn ni kijana mwenye uziwi aliyeajiriwa katika ofisi moja ya Oxford inayosimamia mitihani ya nchi za nje, na anategemea kusoma midomo ya watu ili aelewe wanachosema. Dexter alikuwa anaandika kuhusu maisha anayoyajua. Alikuwa mwalimu wa lugha za kale, Kilatini na Kigiriki, uziwi ukamlazimisha kuacha kufundisha mwaka 1966, akaajiriwa na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Oxford na kubaki huko hadi mwaka 1988. Ndiyo maana vikao vya ofisi hiyo, pamoja na chai yake, husuda zake na makabati yake yenye kufuli, vinasomeka kama vimeandikwa na mtu aliyekaa humo. Kisa chenyewe kimesimama juu ya mipaka ya kusoma midomo. Herufi p, b na m hufungwa kwa midomo ileile. Simama mbele ya kioo, sema mama, kisha sema baba, bila sauti, uone kama utapata tofauti. Sitamwaga mtama zaidi ya hapo. Nitasema tu kwamba kwa msomaji wa Afrika Mashariki mwenye wazazi au babu waliofanya mitihani iliyotungwa na kusahihishwa Cambridge, kuingia ndani ya ofisi ya namna ile, kukuta kwamba walinzi wa mitihani ni binadamu wenye madeni na tamaa kama wengine, kuna ladha ya pekee ambayo sidhani Dexter aliifikiria.

The Wench Is Dead, iliyopata tuzo ya Gold Dagger ya waandishi wa riwaya za uhalifu wa Uingereza mwaka 1989, ni ya aina yake. Morse amelazwa hospitali kwa sababu ya vidonda vya tumbo na hawezi kwenda popote, hivyo anaanza kuchunguza mauaji ya mwanamke aliyekutwa mfereji wa Oxford mwaka 1859, kesi ambayo wanaume walikwisha kunyongwa kwayo. Dexter aliichota kutoka mkasa wa kweli wa Christina Collins, aliyeuawa mwaka 1839 akisafiri kwa mashua katika mfereji wa Trent na Mersey. Hapa hakuna anayefukuzwa wala anayekamatwa, kwa kuwa wahusika wote wa kesi wamekwisha kufa. Kuna mgonjwa kitandani, chupa ya pombe aliyoificha asiione muuguzi, na akili isiyokubali kupumzika. Wapo watakaoiona riwaya hii kuwa uchovu mtupu; mimi niliisoma kwa mkupuo mmoja.

Kasoro zipo, na baadhi si ndogo. Wanawake wa Dexter, hasa katika vitabu vya miaka ya 1970, huingia chumbani miguu yao ikiwa imetangulia, na jinsi ubakaji unavyozungumzwa katika Last Bus to Woodstock ilinikera kiasi cha kukiweka kitabu kando kwa muda. Kiingereza chake nacho si chepesi: ni cha mtu anayejivunia msamiati, sura nyingi hufunguliwa kwa nukuu, na mafumbo ya maneno ambayo Morse huyatatua akisubiri bia yake hayamfikii kabisa mtu ambaye hakukulia katika mchezo huo. Nilijifunza kuyapita bila majuto. Idadi ya wasomi wanaouawa katika mji ule, nayo, ingetosha kuufunga ule mji.

Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna mpelelezi wetu wa kumlinganisha. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, ana kiko chake, utulivu wake na rafiki yake Najum, na anaifuata waziwazi njia ya Sherlock Holmes: wengine wamezongwa na hofu za mizimu, yeye anatazama na kupima. Ninampenda Bwana Msa kwa jinsi anavyoniongoza hadi kwenye jibu, na Unguja inayomzunguka ni hai mno. Lakini sijawahi kulala nikijiuliza hali yake ikoje. Morse amenifanya nijiulize hivyo, ingawa angekuwa jirani yangu nisingependa kukutana naye ngazini.

Kuhusu televisheni, mfululizo ulioonyeshwa kati ya mwaka 1987 na 2000, John Thaw akiwa Morse na Kevin Whately akiwa Lewis, ni mzuri, tena kwa upande wa mwenendo wa Morse kwa wanawake ni wa heshima zaidi kuliko vitabu. Umebadilisha mengi. Lewis amekuwa kijana wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, na Jaguar nyekundu imechukua nafasi ya Lancia ya vitabu vya mwanzo. Mwandishi mwenyewe baadaye aliifuata televisheni, hivyo msomaji asishangae gari likibadilika njiani. Ningeshauri vitabu vitangulie, kwa kuwa sura ya Thaw ikishaingia kichwani haitoki.

Kwa anayetaka kuanza, aache kitabu cha kwanza kwa sasa na achukue The Silent World of Nicholas Quinn, kisha arudi nyuma kwenye Last Seen Wearing, ndipo aendelee kwa mpangilio wa miaka. Vingi vinapatikana kwa wauza vitabu vya mtumba na kwa njia ya kielektroniki. The Remorseful Day kiachwe hadi mwisho kabisa, na maelezo ya nyuma ya jalada lake yasisomwe.