Pakiti ya ORS na zinki: iwe kabatini kabla mtoto hajaanza kuharisha

Mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano anunue hii pakiti mapema. Kuharisha kwa rota, kirusi kinachoharisha watoto, huanza ghafla, na huenda ikawa usiku, duka la dawa limeshafungwa.

Niliyotumia mimi ni ile ya pamoja: vifuko vya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kukoroga na maji) na vidonge kumi vya zinki vya miligramu 20. Niliipata duka la dawa muhimu mtaani kwetu hapa Morogoro, haikufika elfu tatu. Binti yangu ana mwaka na miezi. Alianza kwa homa na kutapika, kisha akaharisha maji matupu. Nesi aliyempima alisema yumkini ni rota.

ORS yenyewe ina ladha ya chungwa, na mtoto aliipokea vizuri. Kifuko kimoja ni cha lita moja ya maji safi, basi. Ukikikoroga kwenye kikombe, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Ukiyazimua ili yafike kesho, hayamsaidii. Mimi napima kwa chupa mbili za nusu lita, namimina kwenye jagi lenye mfuniko, na yakitimiza saa 24 namwaga yaliyobaki.

Nilimnywesha kwa kijiko, kimoja kimoja. Akitapika, nasubiri dakika kumi, naanza tena polepole zaidi. Kila akiharisha, mtoto wa chini ya miaka miwili apate robo hadi nusu kikombe, na ziwa aendelee kunyonya kama kawaida. Wanaolalamika kwamba ORS "haifungi" wanaidai kazi isiyo yake. Inarudisha maji na chumvi vilivyotoka, wakati mwili unapambana na kirusi. Binti yangu aliendelea kuharisha, ila jioni alilia machozi yakatoka, na nepi ikalowa mkojo. Hapo nikapumua.

Zinki inayeyuka upesi kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Ladha yake ni kama kulamba msumari, kwa hiyo nilimpa kidogo kidogo, nikifuatisha ziwa. Aliyefikisha miezi sita anapata kidonge kimoja kwa siku, mdogo zaidi nusu, kwa siku 10 hadi 14, hata kama tumbo limeshatulia. Wengi hukatisha hapo katikati, na inaniuma, maana zinki inafupisha ugonjwa na inamkinga mtoto asiharishe tena miezi inayofuata.

Nyota moja kati ya tano naipunguza kwa sababu ya karatasi ya maelezo: Kiingereza kitupu, herufi ndogo kama mchanga. Dawa inauzwa uswahilini, anayeikoroga ni mama au bibi usiku wa manane. Waandike Kiswahili na wachore kipimo cha maji.

Muuzaji alitaka kuniongezea flajili, nikakataa. Flajili ni dawa ya bakteria na amiba; rota ni kirusi, haikigusi. Jirani naye akasema ni meno ya plastiki, nimpeleke mtoto akang'olewe. Jamani, hakuna meno ya plastiki! Yale ni meno ya kawaida yaliyo bado ndani ya ufizi, na kuyachokonoa kwa kisu au spoku kunaleta damu na maambukizi kwa mtoto ambaye tayari ameishiwa maji. Nimemweleza bila kumkasirikia, maana na yeye ana wajukuu.

Pakiti haizuii ugonjwa. Kinachozuia ule mkali ni chanjo ya rota, matone ya mdomoni wiki ya 6 na ya 10, ambayo hapa Tanzania inatolewa bure kliniki tangu 2013. Binti yangu anazo zote mbili kwenye kadi. Aliyechanjwa anaweza kuugua, ila mara nyingi si kwa ukali ule. Pia ni sabuni: ukishabadilisha nepi, kabla ya kumlisha, na kwenye midoli wanayotiana mdomoni.

Usikae nyumbani na ORS ukiona macho yamezama, mtoto amelegea au hawezi kunywa, anatapika kila kitu, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, au kuna damu kwenye choo. Mkimbize kituo cha afya huku ukimnywesha njiani kama anaweza.

Nyota nne. Dukani, angalia tarehe ya kuisha, na ubonyeze vifuko: unga ukiwa umeganda, waachie wenyewe.