Mkataba wa studio au kujitegemea: Marilyn Monroe na Barbara Stanwyck

Monroe, mwigizaji wa Hollywood, alifungwa na studio ya Fox kwa mkataba wa miaka saba. Faida yake ilikuwa mshahara wa kila wiki na matangazo mengi. Ila studio ndiyo iliyochagua filamu; ukikataa, unasimamishwa bila malipo. Yeye yalimkuta Januari 1954. (Zamani siku za kusimamishwa ziliongezwa juu ya mkataba, hadi mwigizaji Olivia de Havilland aliposhinda kesi yake dhidi ya studio ya Warner mwaka 1944.) Monroe akaondoka, akaanzisha kampuni yake na mpiga picha Milton Greene, akagoma. Mwishoni mwa 1955 Fox ikasalimu amri: filamu nne kwa miaka saba, dola 100,000 kila moja, na haki ya kuidhinisha mwongozaji. Ushindi mkubwa, lakini aliupata akiwa tayari nyota, chipukizi asingesikilizwa.

Stanwyck, naye mwigizaji wa Hollywood, hakujifunga kwa studio moja. Filamu zake nne za 1941 zilisambazwa na Paramount, Warner, Columbia na RKO. Hasara: hakuna studio iliyokuwa na sababu ya kumjenga kwa miaka. Kwa mwigizaji mwenye jina tayari, njia ya Stanwyck ni bora zaidi.