Baiskeli Kuzunguka Bwawa la Ndakaini: Njia Tamu, Baiskeli ya Kukodi Je?

Nianze na hukumu, maelezo yatafuata. Njia za Ndakaini ni tamu kuliko zote nilizowahi kuendesha baiskeli karibu na Nairobi, na huduma ya kukodi baiskeli niliyoitumia haikustahili njia hizo. Nayatenganisha haya mawili makusudi, kwa sababu nimesikia watu wengi wakirudi kutoka huko wakilalamika kwamba Ndakaini ni ngumu mno, na ukitazama picha zao unaona baiskeli ya mjini yenye gia chache na breki zilizochoka. Hapo usiulaumu mlima.

Kwa asiyepajua, Ndakaini ni jina ambalo watu hulitumia. Kwenye karatasi za serikali ni Bwawa la Thika, Gatanga, Kaunti ya Murang'a. Lilijengwa kati ya 1989 na 1994, likijaa linabeba takriban lita bilioni 70, na sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Nairobi hutoka hapo. Ule mgao wa maji ulioanza Nairobi mwaka 2017 ulitokana na kushuka kwa bwawa hili. Kwa hiyo ukiwa mtu wa Nairobi, ukisimama juu ya ukuta wake unatazama maji ya kuogea ya wiki ijayo.

Ukiangalia ramani utadhani ni mzunguko mwepesi. Mbio za nusu marathoni za Ndakaini, zilizoanza 2004, hulizunguka bwawa hilohilo, basi mtu anapiga hesabu: kilomita 21 na baiskeli, nitamaliza kabla ya chai ya saa nne. Hesabu hiyo imesahau migongo. Mito ya Thika, Githika na Kayuyu inashuka kutoka milima ya Aberdare, na kila mmoja umejichimbia bonde lake. Kati ya bonde na bonde kuna mgongo mwembamba uliobeba nyumba, shule na mashamba ya chai. Maji yalipozuiwa yalipanda ndani ya mabonde hayo, ndiyo maana bwawa limetawanya vidole kama kiganja kilichofunguliwa. Unaona nyumba ng'ambo ya maji, karibu kiasi kwamba ungemwita mwenye nyumba akaitika, lakini kuifikia ni lazima ukizunguke kidole kizima: teremka hadi mwisho wake, vuka kijito, panda upya. Ukimaliza, kuna kidole kingine. Na yote haya yako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo pumzi ya mtu wa Mombasa inaisha akifunga tu kamba za viatu.

Mimi na wenzangu tulikwepa barabara kubwa kadiri tulivyoweza, tukapita kwenye vichochoro vya wachuma chai. Utamu wote uko huko. Kichochoro kimetengenezwa na miguu ya watu, kina upana wa mtu na kikapu chake basi, na kinakata kilima kwa mshazari badala ya kupanda moja kwa moja. Usukani wa baiskeli za siku hizi unakaribia sentimita 75, kwa hiyo ncha zake zinapita juu kidogo tu ya meza ya kuchumia, yaani ule uso bapa wa juu wa michai iliyokatwa, na ukiyumba upande mmoja, mti wa chai unakukumbusha. Chai iliyokatwa kwa miaka mingi ina matawi makavu chini ya yale majani laini, nayo hukwangua vifundo vya vidole hadi damu. Vaa glavu zenye vidole vizima, na usizivue hata jua likichomoza. Pia kuna adabu yake: ukimwona mchumaji, simama, shuka, umpishe. Yeye yuko kazini, wewe uko matembezini. Shosho mmoja aliyekuwa na kikapu mgongoni alinitazama nikihangaika kwenye mpando, akaniambia bila hata kuacha kuchuma, "Kijana, shuka uisukume. Hapo hata boda boda huteremsha abiria." Nilishuka.

Udongo nao una sura mbili. Ukiwa mkavu, ule wekundu wa Murang'a ni mgumu, unashika tairi vizuri, na unaweza kuteremka kwa imani. Ikinyesha hata kidogo, unageuka gundi. Unajibandika kwenye tairi, unajaza nafasi kati ya gurudumu na uma wa mbele, unabeba majani na vijiti ndani yake, mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na baiskeli inabebwa begani ikiwa na uzito wa mbili. Kijana aliyetuongoza alikata kijiti cha mkalitusi, akakichonga ncha, akakichomeka kwenye mkoba wa baiskeli yake kabla hatujaanza. Nilidhani ni mchezo, hadi kivulini tulipokutana na tope la jana, kijiti kikawa cha kulikwangulia. Januari, Februari na Septemba ndiyo miezi ya kwenda. Kuanzia Machi hadi Mei mvua za masika zinatawala. Julai hakunyeshi sana lakini kuna ukungu na baridi ya kukufanya ujute kuvaa kaptura.

Sasa huduma. Walionikodisha, ambao sitawataja, wana mambo mazuri. Walitupokea Thika kwa pikapu kwa saa tuliyokubaliana, helmeti zilikuwa mpya na safi, na kiongozi waliyetupa alikuwa mtoto wa hukohuko. Alijua kichochoro kipi kinaishia kwenye boma la mtu na kipi kinatokeza, alisalimia kila nyumba, na alituambia mapema kwamba bwawa lina walinzi, kwamba huingii tu ovyo eneo la ukuta bila kujitambulisha langoni, na kwamba kuogelea ni marufuku. Kijana huyo peke yake anastahili nyota tano. Ukipata mwongozaji wa aina hiyo, mlipe vizuri, maana bila yeye utaishia kuzunguka barabarani kama mkimbiaji.

Baiskeli zenyewe ndizo zilizoniudhi. Yangu ilikuwa na rangi ya kupendeza na shoki ya mbele inayong'aa, lakini pedi za breki ya nyuma zilikuwa zimelika hadi chuma. Nilijua kwenye mteremko wa kwanza mrefu: navuta mkono wa breki, unakuja hadi unagusa mpini, na baiskeli bado inakwenda, ikilia kwa sauti ya kisu kwenye sufuria. Kiongozi alikaza kebo kwa ile skrubu ndogo ya pembeni, tukapata nusu ya breki, na niliteremka sehemu iliyobaki kwa breki ya mbele na dua. Cheni nayo iliruka meno kila nilipokanyaga kwa nguvu mlimani, ishara kwamba imevutika kwa kuchakaa na kupitwa na wakati. Mwenzangu alipata pancha, na tyubu ya akiba iliyokuwa kwenye mkoba ilikuwa ya saizi nyingine kabisa. Tuliiziba ile ya zamani kando ya duka, watoto wa kijiji kizima wakitusimamia. Jioni nilipowaeleza wenye baiskeli, jibu lilikuwa "tutaangalia." Kwa bei waliyotoza, kuangalia kulipaswa kufanyika asubuhi.

Kwa hiyo ukikodi popote pale kwa ajili ya Ndakaini, usihangaike na rangi wala jina lililoandikwa kwenye fremu. Inama utazame pedi za breki kwa macho yako. Hesabu meno: gia ya mbele iwe na meno 32 au pungufu, na ile kubwa ya nyuma ifike 46 au zaidi, vinginevyo magoti yatakulipisha. Tairi ziwe pana, inchi 2.2 kwenda juu, na usizijaze upepo hadi ziwe jiwe, kwa sababu kuna mizizi na mawe kwenye vichochoro. Kisha uulize tyubu ya akiba na uilinganishe na gurudumu palepale. Mwenye duka akikasirika, hapo umeshapata jibu lako.

Chakula si tatizo. Kwenye kila mgongo kuna kituo cha kukusanyia majani ya chai na kibanda cha chakula, na chai ya maziwa ya huko, iliyopikwa hatua chache kutoka ilipochumwa, haina mpinzani. Githeri ya mchana nayo ilikuwepo, ya parachichi juu, kwa sababu Murang'a parachichi ni kama chumvi. Maji ya kunywa beba, utanywa kuliko unavyodhani.

Watu hunilinganishia na kwingine. Karura ni nzuri kwa kujifunzia: iko mjini, ina uzio, na unakodi baiskeli ndani, lakini vilima vyake ni vya upole na ukishaizoea unaanza kusinzia. Mashamba ya kahawa ya Kiambu yana mabwawa madogo ya kumwagilia, na njia zake ni pana. Mahali pazuri pa kumpeleka anayeanza, ingawa mengi ni ya kampuni binafsi na ruhusa ni lazima. Mwenye miguu hasa aanzie Ndakaini, akamate barabara ya Gatura inayopita msitu wa Kimakia, atokee Kinangop hadi Bwawa la Sasumua karibu na Njabini, bwawa la zamani kuliko Ndakaini, lililokamilika 1956. Huko juu ni tambarare, pana viazi na kabeji na upepo usio na huruma. Ila msitu huo ni sehemu ya Aberdare, kuna wanyama, hivyo usiingie kwenye njia za ndani bila kuongea na watu wa misitu. Mimi hiyo ninaiweka akiba hadi nipate baiskeli yangu mwenyewe.

Nyota? Njia nne na nusu, kiongozi tano, baiskeli mbili. Nusu iliyopungua kwenye njia ni kwa sababu hakuna alama hata moja kwenye vichochoro, na mgeni asiye na mwenyeji atapotea.

La mwisho, kwa wenye baiskeli zao: matatu za Thika kwenda Gatura zenye keria zitakubebea, lakini kubaliana na makanga nauli ya baiskeli kabla hajaifunga, na isimamie wewe mwenyewe ikipandishwa. Upande wenye diski za breki uangalie juu. Diski ikilaliwa na gunia la viazi inapinda, na breki iliyopinda itakulilia mzunguko mzima wa bwawa.