Matone ya prednisoloni 1% baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho: uzoefu wangu

Dawa naisifu, ila inadai nidhamu. Prednisoloni asetati, steroidi ya kutuliza uvimbe ndani ya jicho, haiyeyuki kwenye maji. Ni chembechembe zinazoelea, na chupa ikikaa zinatuama chini. Usipoitikisa vizuri kila mara, siku za mwanzo utadondosha maji karibu matupu. Nashuku baadhi ya wanaosema "haikunisaidia" wamekwama hapo.

Tone moja linatosha, la pili humwagikia shavuni tu. Vuta kope la chini, dondosha bila ncha kugusa jicho, fumba, kisha bonyeza kona ya jicho upande wa pua kwa dakika moja au mbili, dawa isikimbilie kooni (ule uchungu mdomoni hutokea huko). Ukiwa na matone mengine, subiri dakika 5.

Ratiba yangu ilikuwa ile iliyozoeleka: mara 4 kwa siku, halafu 3, 2, 1, ikishuka kila wiki. Wengi huacha ghafla wekundu ukiisha na jicho likawa jeupe, na uvimbe unarudi. Weupe wa nje haukuhakikishii kitu, maana seli za uvimbe ndani ya jicho huonekana kwa darubini ya daktari tu.

Kasoro yake kubwa ni kupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa na bila maumivu yoyote. Kwa hiyo usijinunulie chupa nyingine bila kupimwa presha.

Na kama jicho linatulia ukidondosha, linachafuka kila ukipunguza, tatizo huenda si dawa. Huenda kipande cha lenzi ya zamani iliyotolewa kimebaki, lenzi mpya ya bandia inasugua sehemu ya jicho yenye rangi, au kuna bakteria wanaokua polepole kwenye mfuko unaoshikilia lenzi. Bakteria hao, steroidi huwafunika tu kwa muda. Kisukari nacho huchangia. Mistari iliyonyooka ikionekana imepinda, omba picha ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), kwani katikati yake huweza kuvimba wiki 4 hadi 12 baada ya upasuaji.

Maumivu yakizidi huku uoni ukishuka, hasa siku za kwanza, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi ndani ya jicho.

Ukirudi kliniki, taja ulikuwa unadondosha mara ngapi kwa siku dalili ziliporejea. Daktari ataanzia hapo.