Uzoefu wangu: mabamba mapya ya pembe kwa wembe wa urithi

Seti niliyonunua ina mabamba mawili ya pembe ya nyati (pande mbili za mpini), urefu milimita 150 na unene milimita 3, waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6 wa kukatia pini, washa sita (visahani vidogo vyenye tundu la kupitisha pini) na kabari moja, kipande kidogo kinachokaa kati ya mabamba kwenye mkia wa mpini. Nimeifunga kwenye wembe wa kukunja wa Sheffield, Uingereza, wenye upana wa 5/8 ya inchi. Niseme mapema: pembe ni safi sana, kabari ni mbovu, na kabari ndiyo inayoamua kama wembe utafungika sawasawa.

Kabla hujatoa pesa ya mpini, kagua chuma. Kutu ya juujuu hutoka kwa msasa na mafuta, namba 600, 1000, kisha 2000. Lakini vishimo vya kutu vikishafika kwenye makali, makali yatamegeka kila unaponoa. Mgongo usiusugue hadi upungue, maana ndio unaolala juu ya kinoo na kupanga mlalo wa makali. Na kama mpini wa zamani ni wa seluloidi, umeanza kupasukapasuka na kutoa harufu kali, ung'oe leo hii. Seluloidi ikioza hutoa mvuke wa asidi unaokula chuma hata wembe ukiwa umefungiwa kwenye kisanduku.

Funga makali kwa utepe mzito kabla ya kugusa pini. Kichwa cha pini kipigwe tupa hadi kilingane na washa, kitobolewe katikati kwa biti ya milimita 1, kisha pini isukumwe kwa msumari butu, wembe ukiwa juu ya mbao yenye tundu. Usibandue kwa bisibisi. Mabamba ya zamani unayahitaji yakiwa mazima, kwa kuwa ndiyo kiolezo cha matundu mapya, na tundu la egemeo (pini ambayo wembe huzungukia ukifunguka) likisogea milimita 2 tu, ncha ya wembe inaweza kugota kwenye kabari.

Seti hii inakuja bila matundu, na hilo nimelipenda, kwani nyembe za zamani hazilingani. Shikanisha mabamba kwa utepe wa pande mbili uyatoboe kwa pamoja. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, keekee inakwenda kasi mno na pembe inaanza kuharibika ndani ya tundu. Punguza mwendo, inua biti mara kwa mara.

Sasa kabari. Iliyokuja ina unene wa milimita 2 mwanzo hadi mwisho, kama kipande cha rula. Kabari ya wembe inatakiwa kuwa nene upande wa mkiani na kuchongoka kuelekea ndani. Ukibana pini juu yake, mabamba hutanuka kidogo katikati kama upinde, na mvutano huo ndio unaoukaza wembe kwenye egemeo. Kabari bapa haileti mvutano wowote: wembe unacheza, fundi anagonga pini zaidi ili aukaze, pembe inapasuka kwenye tundu. Nimechonga nyingine ya pembe hiyohiyo, milimita 2.5 mkiani na chini ya milimita 1 ndani, kwa kuisugua juu ya msasa namba 220 uliolazwa kwenye kioo. Pima kingo zote mbili pia. Ukingo mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake, mabamba hujisokota na makali huegemea bamba moja.

Usiribiti, yaani usigonge vichwa vya pini, papo hapo. Funga kwanza kwa bolti ndogo na nati, kunja wembe, utazame kwa mbele dhidi ya mwanga. Nafasi ya kushoto na ya kulia zikiwa sawa, ndipo ukate pini, ukibakiza milimita 1 tu nje ya washa kila upande. Ikiwa ndefu zaidi ya hapo, pini hupinda ndani ya tundu badala ya kutanuka kichwa, na hakuna dawa ila kuitoa na kuanza upya. Anza na pini ya kabari, kisha ya egemeo, ukiweka washa mbili za ndani kati ya chuma na mabamba. Gonga kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo, taratibu, ukigeuza upande kila baada ya mapigo machache. Acha pale ambapo wembe haufunguki kwa uzito wake lakini unatii kidole gumba.

Pembe naipa alama 9 kati ya 10: baada ya msasa namba 2000 na kitambaa, mwanga unapenya kwenye kingo kwa rangi ya asali. Kabari naipa 2. Ukiagiza, mwambie muuzaji akuuzie mabamba, waya na washa tu, na aongeze kipande cha pembe chakavu cha kuchongea kabari. Ukishamaliza, ipake pembe mafuta kila baada ya miezi michache, kwa kuwa ikikauka hupinda, na ikipinda wembe unarudi kuegemea upande.