Gereji ya Mwanga, Kigoma, na Land Rover 110 iliyokuwa ikiyumba
Kwa mwenye Land Rover 110 ya zamani inayoyumba barabarani, ninapendekeza kwa dhati gereji ndogo iliyopo Mwanga, mjini Kigoma, kwa sababu fundi wake hupima kwanza kabla ya kumtuma mteja dukani kununua vipuri. Gereji nyingine ilikwisha kubadilisha tairodi endi (viungo vya ncha za fito za usukani) za gari langu bila nafuu yoyote. Hapa walisawazisha upepo wa matairi, kisha, magurudumu yote yakiwa chini, msaidizi akatikisa usukani kushoto na kulia huku fundi akishika kila kiungo kwa kiganja; kwenye panadi rodi, ile nondo inayozuia eksli ya mbele isihame pembeni, bushi, yaani mpira wa kwenye kiungo chake, ilikuwa imeliwa hadi boliti inacheza ndani ya tundu lake. Kukaza stelingi boksi (kisanduku cha gia za usukani), jambo ambalo mafundi wengi hulikimbilia, kusingeondoa ubovu huo, bali kungeufanya usukani uwe mzito na ushindwe kurudi wenyewe baada ya kona. Vipuri vilichelewa, na sehemu ya kusubiria haina kivuli. Hata hivyo, gari sasa linashika njia vizuri hata likiwa na mzigo, na bushi za zamani nilikabidhiwa mkononi nizikague.